Kifungu cha Watani

Asubuhi ile nilikuwa nimefika kwenye mwavuli.

Sheria ya Adui ya nchi yetu ya Ukindo ilikuwa na kifungu kinachomkataza Mkindo kumwingiza Msandi chini ya mwavuli wake, na serikali ilikuwa inanilipa mimi, Zawena Mkulo, kukifuta na kuandika sheria ya amani badala yake. Ukicheka, jua hukuishi nyakati zile. Vita vya Mawingu vilianza kwa sababu ya mvua. Wasandi, ng'ambo ya bonde, walisimamisha mlingoti wa kuvuta mawingu, sisi tukasimamisha mrefu zaidi, wao wakaongeza, mpaka siku moja mlingoti wetu ukalipuliwa na watu wakaanza kufa. Vita viliisha, ila sheria zake zilibaki zimekaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Na sheria kwetu si karatasi. Ikishapitishwa, inaingia kwa Bawabu, na Bawabu yuko kila mahali panapofunguka na kufungwa: mlangoni, getini, kwenye bomba la maji, kwenye gari. Chini ya Sheria ya Adui, Msandi akishika kitasa cha Ukindo, kitasa hakizunguki. Akifungua bomba, maji hayatoki. Hakuna polisi wa kubembeleza wala wa kumpa kitu kidogo. Ndiyo maana sisi waandishi wa sheria tunaheshimiwa sana na tunazeeka mapema. Neno moja likikaa vibaya, nchi nzima haiwezi kufungua choo. Iliwahi kutokea, na sipendi kuizungumzia.

"Mwavuli umefutwa," Bawabu alisema kutoka kwenye kitasa cha ofisi yangu. Sauti yake ni ya upole, ya mtu aliyekula akashiba. "Na koti la mvua je?"

"Koti la mvua halikutajwa, Bawabu."

"Nauliza tu. Watu wawili wembamba wanaweza kuenea."

Nilikuwa bado nacheka aliposukuma mlango Bi Firmina, mkurugenzi wetu, mwanamke anayetembea kama anachelewa hata akiwa amewahi. Alisimama mbele ya meza yangu.

"Umefika kwenye matusi?"

"Naanza sasa hivi, Bi Firmina."

"Anza, umalize. Daraja linafunguliwa kesho, na wenzetu wa Usandi wametuachia sisi maneno yote. Kuanzia kesho ni marufuku Mkindo kumtukana Msandi, na Msandi kumtukana Mkindo. Heshima tupu. Halafu usisahau kifungu cha tahadhari: likitokea kosa la uadui, lolote lile, daraja linajifunga lenyewe, na mazungumzo yanaanza upya."

Mazungumzo yale yalikuwa yamekula ujana wake wote. Alipotamka "upya", nilimwonea huruma.

Hapo simu ikalia. Alikuwa Shangazi Mwajabu, na kabla hajasema lolote nilijua, kwa sababu shangazi yangu huanza kwa kulalamika, na safari hii alianza kwa kuita jina langu.

"Zawena mwanangu. Babu yako ametutoka."

Nilikaa chini, ingawa nilikuwa nimeshakaa. Babu Mkulo ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenifundisha kusoma, kupika uji usio na madonge, na kubishana.

"Ameondoka vizuri," Shangazi aliendelea, akivuta kamasi. "Amekaa kitandani, anadai chai, anasema haina tangawizi. Nimerudi na tangawizi, nimemkuta amelala. Lakini kaacha neno. Amesema asichimbiwe kaburi mpaka Ntimba aje. Achimbe Ntimba, na amseme."

"Ntimba Msandi?"

"Kuna Ntimba mwingine? Tumeshapeleka habari. Anakuja kesho, daraja likifunguliwa tu. Na wewe ndiye mtu wa sheria, basi angalia asije akakamatwa mlangoni kwetu."

Nilikata simu, nikamweleza Bi Firmina. Alinipa pole kwa dhati, akanishika bega. Kisha akili yake ikafika pale pale ilipokuwa imefika yangu. "Amseme?" akauliza polepole. "Amseme vipi?"

*

Inabidi nieleze habari za Ntimba.

Baada ya vita, kila upande uliacha askari mmoja wa kulinda kilichobaki cha mlingoti wake. Upande wetu alikuwa Babu. Upande wao, Sajini Ntimba. Bonde lilikuwa katikati, na kila mmoja alikuwa na kipaza sauti. Sheria ya Adui ilisema Mkindo asimwambie Msandi neno lolote la heri. Haikukataza kumtukana. Kwa kweli ilihimiza.

Basi wakatukanana. Kila asubuhi Babu alipanda kilimani na kipaza sauti chake na kikombe cha chai. "Ntimba! Mwizi wa mawingu! Umeamka au umeoza?" Na ng'ambo ikarudi sauti: "Nimeamka, mbuzi mzee wewe! Kikohozi chako kinanisumbua hadi huku. Weka tangawizi kwenye chai, mjinga!" Babu akashuka, akaweka tangawizi. Mke wa Ntimba alipofariki, Babu alimtukana Ntimba tangu alfajiri hadi jioni bila kupumzika, mpaka sauti ikamkauka, ili mwenzake asibaki peke yake na ukimya. Wakazeeka hivyo.

Mimi sikupenda. Baba yangu alikufa chini ya mlingoti wetu ulipolipuliwa, nami nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Hakuna anayejua ni mkono wa nani uliolipua, ila Ntimba alikuwa zamu upande ule, na hilo lilinitosha. Babu alipopanda kilimani, mimi niliingia ndani nikafunga dirisha. Niliweza kuandika amani kwa ajili ya watu wote wa Ukindo, kifungu baada ya kifungu, na mwandiko wangu ulisifiwa. Lakini sikuwahi kumwambia Msandi hata mmoja neno, la heri wala la shari.

"Tuweke mwanya," nilimwambia Bi Firmina. "Matusi yakatazwe, isipokuwa utani."

"Zawena, fikiri. Ukiufungua mwanya huo, kila mwenye chuki atapita humo humo. Atamwita mtu nyoka mbele ya watoto wake, halafu aseme nilikuwa natania. Wewe utamjuaje?"

Alikuwa anasema kweli.

"Halafu msiba ni wako," akaongeza, kwa upole zaidi. "Watu watasema umeipinda sheria ya nchi kwa ajili ya babu yako. Na hawatakuwa wamekosea sana."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na lilinichoma. Nikiacha kifungu kama kilivyo, tunapata amani safi, iliyonyooka, ya watu wanaosalimiana kwa mbali kama wapangaji waliogombana. Urafiki pekee wa kweli uliokuwepo baina ya nchi hizi mbili ungekuwa kosa la jinai siku ile ile ya amani. Na nikiweka mwanya, siku moja mtu angeumizwa kwa maneno, na aliyemuumiza angejikinga kwa sentensi niliyoiandika mimi.

"Bawabu," nikasema, "umesikia matusi yao miaka yote. Wewe unaonaje?"

"Nilitakiwa kuyasikiliza, ndiyo kazi yangu," Bawabu alijibu. "Nimechanganyikiwa. Tusi la juzi la Sajini Ntimba ni hili: 'Mkulo, mbona leo hukohoi? Umekufa? Ukinitangulia nitakuja huko nikutandike.' Nililiweka kwenye fungu la vitisho. Lakini moyo wa mzee ulitulia aliposikia. Nakuomba, mwandishi, nifundishe. Vitisho gani hivi vinavyotuliza moyo?"

Bi Firmina aligeukia dirishani. Nadhani alikuwa anatabasamu na hakutaka nione.

Nikafikiri. Kwetu, mtani wa kweli humjui kwa mdomo wake. Unamjua msibani, wenye msiba wamekaa wanalia, na yeye ndiye anachimba, anachota maji, anasonga ugali wa waombolezaji, huku akimsema marehemu hadi wajane wanacheka kwa kujiiba. Anayekuchukia hawezi kukuchimbia kaburi la babu yako juani. Atachoka mapema. Na jambo la pili: utani unarudi. Ukinisema, nakusema. Tusi linaloenda bila kurudi ndilo linaloua.

Nikaandika: *Tusi baina ya Mkindo na Msandi litahesabiwa kuwa utani, wala si kosa, iwapo anayetukana ameshika chombo cha kazi kwa faida ya anayetukanwa au ya watu wake, na iwapo anayetukanwa amejibu.*

Bawabu alikisoma, akakisoma tena. "Hiki ninaweza kukipima," akasema. "Jembe naliona. Jibu nalisikia. Asante."

Bi Firmina alichukua kalamu yangu. "Kikienda vibaya, daraja linafungwa."

"Najua. Jina langu litakuwa chini yake."

"Na langu chini ya lako," akasema, akatia sahihi.

*

Kesho yake, wakubwa wa nchi zote mbili walikata utepe darajani, ngoma zikapigwa, wimbo wa taifa la Usandi ukapigwa kwa mara ya kwanza upande wetu, na fundi wa muziki aliupiga haraka mno kwa woga. Sikuwepo katika sherehe. Nilikuwa nyumbani kwetu, getini, nimevaa kanga ya msiba, nikisubiri na Shangazi Mwajabu. Bi Firmina alikuja pia, kuhani, na kuangalia kifungu chake kisimtie aibu.

Ntimba alitokea kwenye kona ya njia, jembe begani. Nilitegemea jitu. Alikuwa mzee mfupi, mwenye masikio makubwa, aliyevaa koti la jeshi lililomzidi. Nyuma yake walikuja wanawake wanne wa Kisandi na ndoo, sufuria na mwiko.

Alisimama mbele ya kitasa. Hakuwahi kugusa kitasa cha Ukindo maisha yake yote. Alinyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena. Kitasa kikazunguka.

"Karibu, Sajini," Bawabu akasema.

Mzee alishtuka kidogo, kisha akapata sauti yake. "Mmechelewa kufungua! Hivi ndivyo mnavyopokea wageni? Nyumba yenyewe imeinama kama mlevi. Nani kaijenga, Mkulo? Nilijua!"

"Imeinama kwa kicheko, ilipokuona unakuja!" Shangazi Mwajabu alimjibu hapo hapo, birika la chai ya wageni mkononi, machozi yakiwa bado mashavuni. Taa ya Bawabu juu ya geti ikawaka kijani, maana yake utani. Bi Firmina alishusha pumzi hadi nikaisikia.

Wale wanawake waliwapokonya jirani zetu mwiko, wakateka jiko, wakatangaza kwamba Wakindo hawajui kusonga ugali ndiyo maana walishindwa vita. Jirani zetu, ndoo za maji ya wageni mikononi, wakajibu kwamba ugali wa ng'ambo huku kwetu huitwa uji. Kijani, kijani, kijani. Wapishi walikuwa wanacheka hadi wanashikana.

Mimi nilimsalimia Ntimba kama ofisa. "Shikamoo, Sajini. Karibu Ukindo. Tunashukuru kwa kufika."

"Marahaba." Alinikagua kwa macho. "Wewe ndiye Zawena, mwenye kufunga dirisha."

Sikujua kama Babu alimwambia au aliliona mwenyewe kutoka ng'ambo. Aliinua jembe, akaelekea makaburini bila kungoja jibu.

*

Makaburi ya ukoo wetu yako kilimani, yamezungukwa na ukuta wenye lango moja. Ntimba alichimba karibu shimo lote mwenyewe. Vijana wetu wakitaka kumpokea, anawafukuza. Lilipofika kimo, akalala ndani yake chali, jembe kifuani, akakataa kutoka.

"Nimelipenda! Nalichukua mimi. Mpelekeni Mkulo akalale kwingine, alizoea kulala zamuni."

Watu wakamjibu kwa kelele, wakamrushia vijisenti, tumbaku, mahindi ya kuchoma, kama desturi inavyotaka. Akatoka akiwa ameshika hindi, anatafuna. Kisha akachukua kofia ya Babu iliyokuwa juu ya jeneza, akaivaa, akaanza kutembea kwa mwendo wa Babu, mguu wa kushoto ukiburuta, mkono ukishika kipaza sauti kisichokuwepo. Nilicheka. Sikutaka, nikacheka mpaka mbavu zikauma, kwa sababu alikuwa Babu kabisa, hata kile kikohozi.

Jeneza likashushwa. Ntimba akaegemea jembe lake, akachungulia shimoni.

"Mkulo," akasema. "Mbuzi mzee. Mwongo. Ulisema utanisubiri."

Kimya.

Taa juu ya lango ikawa nyekundu. Lango likajifunga kwa kishindo.

"Kosa," Bawabu akasema, na sauti yake haikuwa na furaha. "Chombo cha kazi nimekiona. Jibu sijalisikia. Marehemu ametukanwa na hawezi kujibu. Kifungu cha watani hakimlindi Sajini. Nasikitika. Natakiwa kufunga daraja watu wakishaondolewa juu yake. Wanaondoka sasa."

Lilikuwa kosa langu. Mimi ndiye niliyeandika *iwapo anayetukanwa amejibu*. Kifungu cha msibani, nikasahau kwamba msibani kuna mtu asiyejibu. Bi Firmina alinitazama, wala hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Wanawake wa Kisandi walisogeleana. Ntimba peke yake hakusogea. Alivua kofia ya Babu, akaiweka kifuani, akaonekana mzee sana.

"Basi nifungeni," akasema. "Nilikuwa nimeshamaliza."

"Bawabu!" nikaita. "Mtu akifa, utani wake unakwenda wapi?"

"Sijafundishwa."

"Unarithiwa. Kama jina. Aliyelelewa naye ndiye anayejibu kwa niaba yake."

"Basi namsikiliza mrithi," Bawabu akasema. "Darajani wamebaki wachache."

Shangazi Mwajabu akafungua mdomo, kisha akaufunga. Aliniangalia mimi. Kila mtu aliniangalia mimi. Ningeweza kumwachia Shangazi. Ana mdomo, angeweza. Lakini wote pale walijua Babu alimlea nani.

Nikasogea ukingoni mwa shimo, nikasimama mbele ya mtu ambaye nilimfungia dirisha utoto wangu wote. Nikajifunga kanga vizuri. Sijawahi kumtukana mtu. Ninaandika vifungu.

"Sajini Ntimba," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Nikaanza upya, kwa sauti ya kilimani. "Ntimba! Mwizi wa mawingu! Una masikio makubwa kama sinia na bado hukusikia mtu akikwambia uzeeke kwa adabu! Mmevuta mvua yetu mpaka mkaota ukungu. Na baba yangu mkamchukua."

Nikaelekeza kidole kwenye kaburi la baba, pembeni.

"Mkamchukua, na mimi nakudai. Babu yangu hakukudai, alikuwa na moyo mwepesi. Mimi nina moyo mgumu, nitakudai mpaka uchoke. Kila mwaka utakuja hapa kung'oa majani. Makaburi mawili, la babu na la baba, kwa mikono yako hiyo mifupi. Na siku ukifa wewe, mbuzi mzee, nitavuka lile daraja, nitalala kaburini mwako chali, na sitatoka hadi watoto wako wanipe ng'ombe!"

Machozi yalikuwa yananitiririka, na nilikuwa nacheka, na sikujua nianze kuzuia kipi.

Ntimba alijifuta uso kwa kofia ya Babu. "Ng'ombe?" akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Kwa mdomo kama huo? Utapewa kuku mmoja. Tena anayeumwa."

Watu wakalipuka kwa vicheko. Nikatazama langoni. Taa ilikuwa nyekundu bado.

"Bawabu! Nimejibu!"

"Umejibu, mwandishi, na vizuri sana. Sajini hana kosa tena." Kisha akaongeza: "Lakini na wewe umemtukana Msandi, na sioni chombo cha kazi mkononi mwako."

Bi Firmina ndiye aliyeanza kucheka safari hii, yeye ambaye sijawahi kumwona akicheka kazini. Alilazimika kukaa juu ya jiwe la kaburi la mtu.

Ntimba aliinua jembe lake lenye udongo mbichi wa kaburi la Babu, akanikabidhi mpini. Ulikuwa na joto la mikono yake.

"Shika, wewe mwenye kufunga dirisha," akasema. "Tumfukie mwenzetu."

Nikalishika.